Mama Kwaya na Hewa ya Ghorofani

Mama Kwaya hakuingia chumbani kwa mtu bila kugusa redieta kwanza. Alibisha hodi, ukamfungulia, akakupita mlangoni hadi kwenye lile sanduku la chuma chini ya dirisha, akaliwekea kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndipo alipogeuka na kusema, "Haya, bonjour. Ulilala muzuri?" Ukimsalimu kabla hajaondoa kiganja, hakujibu. Wapangaji wageni walidhani ana dharau. Sisi wenyeji tulijua anasikiliza.

Nyumba ilikuwa Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, ya matofali mekundu na ghorofa moja juu, iliyojengwa zamani na mtu mwenye fedha aliyeogopa baridi. Nilipanga chumba humo mwaka 2015, nilipopata kazi ya ofisini Marshalltown. Ndugu zangu wa Nairobi hawakuniamini nilipowaambia kwamba Johannesburg, mwezi wa saba, maji ya ndoo iliyolala nje hushika barafu. Nyumba nyingi hapa hupambana na baridi hiyo kwa mablanketi na hita. Yetu ilikuwa na boila la makaa ya mawe nyuma ya jiko, pampu ndogo ya umeme, na mabomba yaliyopeleka maji ya moto kwenye redieta ya kila chumba kisha kuyarudisha. Darini palikuwa na tangi dogo la kuujaza mfumo maji yakipungua. Hakuna aliyemwajiri Mama Kwaya kuviangalia vitu hivyo. Alivichukua tu, kama alivyoichukua kwaya.

Kwaya ilikuwa ya kanisa la watu wanaozungumza Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi kadhaa, Wakenya wachache tuliozoea kuchelewa. Ilifanya mazoezi katika ukumbi wa mbele wa nyumba ile. Mchana Mama Kwaya alishona na kurekebisha nguo Yeoville, kwenye kona ya saluni ya rafiki yake, na jioni alirudi akiwa na vipande vya uzi kwenye sweta. Alitoka Bukavu, zaidi ya hapo sikuuliza, naye hakupenda mazungumzo yaliyoanzia huko. Ukimuuliza habari za nyumbani alikuuliza wewe umejifunza sauti yako ya wimbo wa Jumapili.

Hatukuitana kwa majina mbele yake. Ulikuwa Soprano, au Alto, au Tena. Mlinzi mmoja Mrundi aliyekaa ghorofani na mkewe, mtu mrefu mwenye sauti inayotoka kwenye magoti, aliitwa Basi hata sokoni. Siku moja Mama Kwaya alimwita hivyo kwenye robot, taa za barabara kubwa, kwa nguvu, na watu waliokuwa wakingoja taa wakageuka kutafuta gari.

"Mama, unaniaibisha," Basi alimwambia.

"Aibu ni kuingia nusu ya wimbo kama mwizi. Jumapili ulifanya vile. Leo unavuka barabara tu."

"Ego, Mama," akasema Basi, kwa Kirundi chake cha kukubali, akavuka.

Mama Kwaya alikuwa na kanuni nyingi, na alizivunja mwenyewe bila kusita. Aliyechelewa mazoezi alisimama nje ya mlango hadi wimbo wa kwanza uishe. Yeye akichelewa, wimbo wa kwanza ulikuwa haujaanza. Alitukataza kuacha bomba la jikoni wazi, maana mji huu hukata maji bila kumuaga mtu, kisha tukamkuta ameliacha likitiririka huku ameegemea ukuta kwa sikio. "Munyamaze," alisema. "Ninasikia njia yake." Alikataza majivuno katika kwaya. Lakini nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja Yeoville kwamba katika Johannesburg nzima hakuna mkono unaopinda suruali kama wake, na kama upo basi ulifundishwa na yeye.

La ajabu zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akiimba. Alitupa noti kwa kugonga bomba au glasi, au kwa kumwonyesha mtu aliyekuwa nayo. Soprano wetu mmoja, binti wa Goma aliyesuka nywele na kusema lolote alilotaka, alimuuliza waziwazi.

"Mama, wewe unaimba sauti gani?"

"Nikiimba, nani atasikiliza ninyi?"

"Labda huna sauti."

"Labda. Njo mana ninachukia kuona mwenye nayo anaichezea. Rudia tangu mwanzo."

Sauti anayo, nilidhani. Lakini kifua chake hakikuwa imara. Moshi wa hita ya mafuta ya taa ulimbana kwa dakika chache tu. Mara mbili nilimwona akitolewa chumbani kwa mtu akishika fremu ya mlango, akivuta pumzi kama anayevuta kamba nzito. Moshi wa boila haukumdhuru, kwa kuwa ulipanda dohani na kwenda zake. Kwa hiyo redieta kwake hazikuwa anasa. Zikifa, wapangaji wote wangewasha hita za mafuta, naye asingeweza kulala katika nyumba hiyo hata msimu mmoja wa baridi. Alilijua hilo, nasi tulilijua, na mwenye nyumba aliambiwa.

Mwenye nyumba alikuwa Mtanzania wa Tanga, mzee mwenye barakashia safi, muuzaji wa vipuri vya magari mjini. Alikuwa na adabu zote za pwani. Alimwamkia kila mtu, akaulizia afya, kazi na watu wa nyumbani, ndipo akasema jambo baya alilojia. Majira ya baridi ya 2016 jambo hilo lilikuwa bomba lililovuja ndani ya ukuta wa ukumbi. Alileta fundi bomba. Fundi akamwaga maji yote ya mfumo, akabadilisha kipande kilichooza, akajaza tena, akawasha pampu, akaona redieta za chini zinapata joto, akaondoka.

Ghorofani hapakupata joto. Redieta ziliguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa kisha zikanyamaza, baridi kama jiwe. Maji yalikuwa yamerudi kwenye mabomba, lakini hewa iliyoingia wakati wa kumwaga ilikwama juu, na pampu ikawa inasukuma bure. Fundi alipigiwa simu akasema atakuja, kisha simu yake ikawa haipatikani.

Mzee alikuja mwenyewe siku ya Jumatano. Alisimama ukumbini, akatusalimu mmoja mmoja.

"Mama, habari za siku nyingi? Na kifua?"

"Kifua kiko, Patron. Sema neno."

"Neno ni hili, mama yangu. Hii mitambo ni ya kizamani. Inavuja, inakula makaa, na sasa haifanyi kazi. Jumamosi naja na lori, nizing'oe hizi chuma niziuze chakavu. Kila mtu anunue hita yake. Ndivyo watu wanavyoishi."

"Mutu mwengine labda. Miye nitaishi wapi?"

Mzee alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mkatili. "Mama, mimi ni mfanyabiashara wa vyuma. Chuma baridi nitakifanyia nini ukutani?"

"Na kikiwa moto?"

"Kikiwa moto Jumamosi, kitabaki."

"Cha juu kabisa? Cha chumba cha Basi?"

"Hicho hicho."

"Sharp," akasema Mama Kwaya. Neno hilo la mitaa ya Johannesburg lilikuwa geni kinywani mwake, na alilitamka kana kwamba anatia sahihi.

Kumwona Mama Kwaya akitoa hewa kwenye redieta kulinifundisha namna alivyofikiri juu ya watu. Kila redieta ina kijipua cha shaba juu yake, kwenye pembe, kinachofunguliwa kwa ufunguo mdogo. Boila likiwa limezimwa na pampu imesimama, unakilegeza kidogo. Hewa inatoka kwa mlio mwembamba, kisha inatema mate, kisha yanakuja maji, nawe unafunga. Mtu mmoja anaweza kuzunguka nyumba nzima na ufunguo wake. Yeye hakutaka. Alimpanga mwanakwaya mmoja kwenye kila redieta, na tambara, na sufuria ya kukingia matone ili zulia lisiharibike. Milango yote ikaachwa wazi. Yeye akasimama chini ya ngazi, mahali pa kuonekana na wengi, na wasioonekana wakapewa mtu wa kuwapokezea ishara. Chini ndiyo ilianza, mmoja mmoja, kisha juu. Uliyepata maji ulipaswa kutamka "Maji!" kwa noti ya sauti yako, si kupiga kelele, ili ajue bila kuuliza nani amemaliza.

"Hewa haina adabu," alituambia. "Inapenda kukaa juu, kama ba-soprano. Ukiifukuza kwa kelele inajificha. Ukianzia chini pole pole, inatoka yenyewe."

"Mama, hapo umetutukana," akasema binti wa Goma kutoka juu ya ngazi.

"Uko unasikia muzuri. Basi shika ufunguo muzuri pia."

Mimi nilipewa redieta ya bafuni, chini, na ninajivunia kusema kwamba "Maji!" yangu ilikubaliwa bila kurudiwa. Alhamisi jioni tulikwenda vizuri hadi kwenye ngazi. Redieta za chini zilikuwa zimekwisha, na sasa ilikuwa zamu ya ile ya kwanza ya ghorofani, peke yake. Wakati huo vumbi la makaa lilimwingia Mama Kwaya. Akakohoa, akainua mkono wa kulia juu ili kutuashiria tungoje.

Katika kwaya yake, mkono wa kulia juu maana yake ni moja. Wote wanaingia.

Tukaingia. Nyumba nzima, juu na chini, watu walifungua kwa pamoja, vizuri sana, kwa nidhamu ambayo Jumapili nyingi aliitafuta asiipate. Chini maji yalituruka usoni. Tangi la darini halikuwahi kujaza kwa kasi hiyo, na juu redieta zikaanza kuvuta hewa badala ya kuitoa. Binti wa Goma anasema yake ilivuta pumzi kama mtu aliyeshtuliwa. Sote, tulivyofundishwa, tukaimba "Maji!" hata waliokuwa hawana.

"Fungeni!" alipiga kelele. "Fungeni, bana! Mungu wangu, leo njo muliamua kunifuata?"

Tulifunga. Palikuwa na maji mengi sakafuni. Basi akaanza kucheka ghorofani kwa sauti ile ya magoti, na kicheko kikashuka ngazi hadi kikamfikia Mama Kwaya, akaketi kwenye kidato cha mwisho, akacheka na kukohoa hadi machozi. Lakini alipoinuka, kiganja chake kilikuwa kwenye bomba la kupandia maji ghorofani, na uso wake haukuwa na kicheko tena. Hewa iliyokuwa ndogo sasa ilikuwa kubwa.

Ijumaa tulirudia kwa taratibu zote. Vyumba vya ghorofani vikatii kimoja baada ya kingine, isipokuwa cha Basi, kilicho mwisho wa bomba. Ukifungua kijipua hapakutoka hewa wala maji. Hewa ilikuwa imekwama kwenye bomba lenyewe, njiani, mahali ambapo ufunguo haufiki. Mama Kwaya aligonga ukuta kwa mti wa kusukumia chapati, akachubua plasta, asipate kitu. Basi alipendekeza tuombe. Tukaomba. Mkewe alipendekeza tumwite fundi mwingine, na Mama Kwaya akajifanya hakusikia.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ukumbini, ameketi kwenye kiti cha mazoezi mbele ya viti vitupu. Nikadhani amekata tamaa.

"Wewe Tena," akaniambia. "Mutu akipoteza noti katikati ya kwaya, ninafanya nini?"

"Unatunyamazisha wote. Unamwacha peke yake aanze upya."

"Na anaanzia wapi?"

"Chini."

Akasimama. "Enda fungia redieta zote. Zote. Zima pampu. Acha ya Basi tu."

Kwa hiyo tulizinyamazisha. Tukageuza koki za pembeni za kila redieta hadi mwisho, maji yasiwe na njia nyingine. Kisha akaunganisha mpira wa maji kutoka bomba la jikoni hadi kwenye koki ya kumwagia, iliyo chini kabisa karibu na boila, akaifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye tairi la baiskeli, kwa fundo la mshonaji. Maji ya mji yangesukuma kutoka chini, na hewa isingekuwa na pa kwenda ila juu, hadi tangi la darini. Basi akapanda darini na tochi kutazama tangi, kwa sababu likijaa kupita kiasi lingemwagika kwenye dari.

Hapo ndipo lori lilipopiga honi nje.

Mzee wa Tanga aliingia na amani zote, akamwamkia kila mtu, akauliza kama tumeamka salama. Mama Kwaya alimshika kiwiko kabla hajaulizia kifua, akampandisha ngazi, akamwingiza chumba cha Basi, akachukua kiganja chake na kukiweka juu ya redieta.

"Baridi, mama," akasema mzee kwa upole.

"Ninajua. Usiondoe."

"Mama, dereva ananingoja."

"Patron, wewe ulisema Jumamosi. Jumamosi bado inaendelea. Usiondoe mukono."

Mama Kwaya akashuka mbio, mtu wa umri ule, na kufungua bomba la jikoni. Mpira ukavimba. Mabomba ya ukutani yakalia mlio mrefu, mnene, ambao sijausikia tena popote, ukipanda kupitia sakafu.

"Mapovu!" Basi akapaza sauti darini. "Mama, tangi linachemka mapovu!"

"Ngoja!"

"Linajaa, Mama!"

"Ninasema ngoja!" Kiganja kimoja kilikuwa kwenye bomba la kupandia, sikio likiwa juu ya kiganja. Mlio ukakonda, ukakatika, ukawa mtiririko. "Funga!"

Nikafunga bomba la jikoni. Tulifungua redieta moja moja, tukawasha boila, tukawasha pampu. Kisha hapakuwa na kazi nyingine ila kungoja, na Mama Kwaya alikataa kupanda. Aliketi kwenye kidato cha mwisho cha ngazi akipangusa makaa kwenye kucha. Mkewe Basi alimpelekea mzee chai ghorofani, naye akainywa kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeagizwa usiondoke.

Sauti yake ilitufikia kabla hajaonekana.

"Alaa!" Kisha tena, taratibu, "Alaa."

Alishuka akiushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama aliyebeba kitu kinachoweza kudondoka. "Kimekuwa moto, mama."

"Kipi?"

"Chuma changu."

"Chuma chako kiko chini ya kwaya yangu," akasema Mama Kwaya. "Kunywa chai uimalize."

Lori liliondoka na beseni kuukuu la kuogea lililokuwa uani, ili dereva asiseme amekuja bure.

Mama Kwaya alipenda kusema kwamba ushindi ule ulikuwa wake peke yake, na aliusimulia hivyo Yeoville kwa miaka mitatu, akiongeza maji kila mara hadi dari ikawa imefurika. Mbele yetu hakuthubutu. Mbele yetu alisema tu, "Siku ile muliingia bote pamoja," na kila mtu alijua anazungumzia siku gani, na kwamba hiyo ilikuwa sifa.

Nilihama nyumba ile mwaka 2018 nilipooa. Majira ya baridi ya 2019 nilipigiwa simu na Basi. Koki ya boila imebadilishwa, maji yamemwagwa, Mama Kwaya anataka Tena wa bafuni. Nikaenda na mke wangu.

Mama Kwaya alinipokea mlangoni, amekonda kidogo, sweta lina uzi. Nilimsalimu, akanitazama midomo, nikarudia. Basi alikuwa amekwisha kuniambia: sikio la kulia limekwenda, na la kushoto linafuata. Mke wangu alipewa sufuria kabla hajapewa kiti. Mzee wa Tanga alikuwepo, barakashia kichwani, ameketi karibu na redieta ya ukumbini na ufunguo wake mfukoni.

"Wewe simama chini ya ngazi," Mama Kwaya akaniambia. "Miye nakwenda chumba cha Basi."

"Mama, mimi siwezi kusikia kama wewe."

"Hata miye siwezi. Wewe tazama watu. Mukono wa kulia usiinue kama unataka kukohoa, eh?"

Akapanda, akishika ukuta. Nilianza na bafu. Noti zikaja moja moja, alto, tena, binti wa Goma kwa mbwembwe zake, zikapanda ngazi kwa mpangilio uleule. Akabaki mmoja. Nikainua mkono, binti wa Goma akapokeza ishara, tukangoja. Mlio wa hewa ulianza kule mwisho wa ghorofa. Baadaye binti aliniambia alivyofanya Mama Kwaya: alikuwa ameweka upande wa ndani wa kifundo cha mkono juu ya kijipua, mahali pa kupimia maziwa ya mtoto, akifuata hewa kwa ngozi. Mlio ukakonda. Ukatema mate.

"Maji!"

Ilikuwa alto, nzito na safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Hakuikata kama alivyotufundisha tuikate. Aliishikilia, ikapita mlangoni, ikashuka ngazi, na katika nyumba nzima hakuna aliyesogeza sufuria. Mzee wa Tanga alivua barakashia akaiweka kwenye goti.

Kisha ikanyamaza, na tukasikia viatu vyake vikirudi hadi kichwa cha ngazi. Alituangalia mmoja mmoja kutoka juu.

"Sasa munangoja nini?" akasema. "Boila litajiwasha?"